Taa ya Oili Iliyozima Upesi Mno

Jumanne, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, gari la shule lilitoa mlio wa chuma kikisaga chuma, likatetemeka, kisha likafa mita mia mbili kutoka getini. Watoto kumi na mmoja walishuka, wakamalizia safari kwa miguu huku wakicheka. Dereva hakucheka. Shule nzima ilimwita Mzee Polepole, na kwa miaka kumi na tisa hakuwa amekwaruza hata rangi ya gari hilo.

Saa nne, barua ya kumfukuza kazi ilikuwa mezani kwa Mwalimu Mkuu. Msimamizi wa magari alikuwa ameiandika mwenyewe. Ilisubiri sahihi tu. Ilisema dereva aliendesha huku taa nyekundu ya oili ikiwaka, mpaka injini ikaganda.

“Haikuwaka,” Mzee Polepole alisema, kofia mkononi. “Nikifungua swichi inawaka, nikipiga stata inazima, kama siku zote. Kijiti cha oili napima kila Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa imejaa.”

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa pupa. Alimwita Mama Waya, fundi wa umeme wa magari, akamsimulia maneno ya mzee, kisha akamtaka amwambie kabla ya saa sita kama taa ile ilikuwa nzima.

Mama Waya alianzia ofisi ya msimamizi, kuchukua ufunguo. Juu ya kabati palikuwa na redio kuukuu, antena yake imefungwa kwa uzi wa kijani, mizunguko imelala sambamba kama imepimwa.

“Kazi safi hiyo. Ya nani?”

“Yangu. Zamani nilikuwa fundi redio,” msimamizi alisema, akitabasamu.

“Mwishoni mwa wiki ufunguo hukaa wapi?”

“Humu kwenye droo yangu, na droo naifunga. Gari halitoki Jumamosi wala Jumapili. Mama, usijichoshe. Yule mzee macho yamekwisha. Na kama si yeye, muulize Fundi Grisi, ndiye aliyebadilisha oili majuzi.”

Fundi Grisi alikuwa tayari chini ya gari, miguu tu ikionekana.

“Najua unakuja kunishika uchawi,” alisema. “Nati ya kumwagia oili niliikaza. Ingia uone.”

Mama Waya alitandika gunia, akalala chali. Nati ilikuwa imekaza kweli. Lakini kando yake, kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, palikuwa na kibonyeo na ufa wa urefu wa kidole. Unga mweupe wa jiwe ulikuwa bado umeng'ang'ania.

“Watoto wanachukuliwa njia gani?”

“Lami tupu, mlangoni hadi mlangoni.”

“Basi jiwe hili lilifuatwa.”

Alipanda kwenye kiti cha dereva, akafungua swichi. Taa ya oili ikawaka, na ya betri ikawaka. Akashuka, akachomoa waya wa oili kwenye injini. Sasa taa ya oili ilipaswa kuzima. Haikuzima. Akaurudisha, akachomoa waya wa alteneta, ile mashine inayochaji betri. Taa zote mbili zikazima kwa pamoja.

“Loo!” alisema Fundi Grisi. “Zimekuwa pacha!”

“Zimeunganishwa. Injini ikiwaka tu betri inachaji, taa ya betri inazima na kuivuta ya oili. Hata sampo ikiwa kavu, dereva anaona kila kitu shwari.”

Moyo ulimuuma. Mzee wa watu alikuwa amedanganywa na taa aliyoiamini. Alifungua skrubu nne za dashibodi, akaivuta mbele, akachungulia nyuma. Mafundi wa magari husokota waya na kuuzungushia tepu nyeusi. Hapa waya ulikuwa umechomewa kwa risasi, kama wafanyavyo mafundi redio, kisha ukafungwa kwa uzi wa kijani, mizunguko sambamba.

Saa sita kasoro robo, wote wanne walikuwa mbele ya Mwalimu Mkuu. Mama Waya aliweka dashibodi mezani, na kando yake redio.

“Ufunguo ulikuwa kwenye droo yako,” alimwambia msimamizi. “Na mkono huu ni wako. Ulishindwa kufunga waya ovyo.”

Njia ya mwongo fupi. Msimamizi aliutazama uzi.

“Jumamosi nililipeleka gari kwa wakwe zangu,” alisema. “Nilikuwa nimewaambia nina gari. Kule nikagonga jiwe, taa ikawaka. Nikajaza oili, nikaiunga taa na ya betri ili isinisaliti, nikijua Jumatano nitatafuta kisingizio lipelekwe gereji. Sikujua linavuja kiasi hicho.”

“Na barua?” Mwalimu Mkuu aliuliza.

“Niliogopa.”

Mwalimu Mkuu aliichana barua vipande vinne. Mzee Polepole hakutazama vipande. Alikuwa akimtazama msimamizi, na sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira, ndiyo maana iliuma zaidi.

“Mwanangu, si ungeniambia? Ningekuendesha mimi. Ningekufungulia mlango mbele ya wakwe zako, nikakuita bosi.”

Msimamizi alifunika uso kwa viganja, akalia.