Kola ya Shati la Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Britta Halvorson aliwanywesha ndama maziwa huku baba yake, Vernon, akiwafunga ng'ombe mashine za kukamulia. Siku hizi Vernon alitumia mkono mmoja, na majirani walimsaidia kwa zamu. Mkono wa kushoto haukupanda tena juu ya kifua tangu alipochanjwa mafua dukani kwa mfamasia. Daktari alisema sindano iliingia juu mno, begani.

Siku moja wakili wao, Bi Kuehn, angekuja jioni kuandaa madai ya fidia. Serikali ina mfuko wa kuwafidia walioumizwa na chanjo. Bila fidia hiyo Vernon asingeweza kuajiri mkamuaji, na ng'ombe wangeuzwa wote.

"Wewe ulikuwepo," Vernon alimwambia bintiye. "Sema maumivu yalianza usiku uleule, maana ndivyo ilivyokuwa. Habari za shati achana nazo. Watasema nimejitakia."

Siku ya chanjo walikuwa wakielekea kuwinda kulungu, na baridi ilikuwa kali. Mfamasia alimwomba avue mkono wa shati. "Nimejifunika kama kitunguu, dada. Utanimenya mpaka kesho?" Vernon alitania, akavuta kola chini, bega likachungulia. Britta alicheka sana siku ile.

Sasa walikuwa mezani, na wakili alimuuliza, "Baba alichanjwa akiwa amekaaje?"

Britta alimtazama baba yake. Baba aliitazama kahawa yake. Britta aliwapenda wale ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake.

"Alikataa kuvua shati," alisema. "Alivuta kola tu."

"Basi, tumekwisha," Vernon aliguna.

"Nani kakwambia?" Bi Kuehn alicheka. "Hapa hatafutwi mwenye kosa, Bwana Halvorson. Wanauliza kama sindano ndiyo iliyoliumiza bega, na maumivu yalianza lini. Kola inaeleza kwa nini ilidungwa juu. Kumbe umenificha ushahidi wako mwenyewe! Chanjo usiiogope, ila vua shati, mzee."

Sheria haina haraka. Ilipita zaidi ya miaka miwili, lakini fidia ilitoka na mkamuaji akaajiriwa. Siku hiyo Vernon alimwita bintiye zizini.

"Ulisema kweli ukidhani itatupotezea ng'ombe hawa," alisema. "Na mimi, baba mzima, nilikutwisha uongo wangu uubebe. Nisamehe, mwanangu. Ukweli useme hata kama mimi ndiye ninayekukataza."