Ubeti wa Nne

Kinanda kilivuta pumzi kabla hakijakanyagwa. Felisita alisikia, akasema ni panya. Mtu akishikwa na sifa, hata jini atamwita panya.

Jumamosi hiyo wapiga vinanda watatu walikutana kanisani Ngulyati kuringishiana. Kasmiri alikuja na cha umeme, Mhoja na cha betri. Felisita alileta cha kukanyaga kwa miguu, alichokinunua Ipililo kwa mjane wa katekista.

"Mayu, mama yangu, hicho ni kabati linalokohoa!" Kasmiri akamtania.

"Chako umeme ukikatika, anikia dagaa."

Ili kulinganisha sauti ulitakiwa wimbo mmoja unaojulikana na vidole vyote. Na vidole vyao vilijua nini zaidi ya misiba? Wakapiga wimbo wa kuzikia, zamu kwa zamu, huku wanacheka. Hata mtoto wa Kisukuma anajua msiba hauliliwi bila mfu. Wao walijua noti.

Felisita akakirudisha nyumbani kwa mkokoteni, kwa mumewe Sylvester, aliyekuwa ameanza kupona kifua.

Jumapili mchana kinanda kilipiga ubeti wa kwanza peke yake. Nyumba ikanuka udongo wa kaburi. Jumatatu kikapiga wa pili, Sylvester akashindwa kuinuka. Jumanne wa tatu.

"Nani anapiga?" Sylvester akanong'ona.

"Mimi."

"Si umenishika mkono?"

Mganga Machibya aliishia mlangoni. "Mmeimbia maiti asiyekuwepo. Marehemu mwenye kinanda amekuja kumchukua maiti wake. Beti ngapi?"

"Nne."

Akaondoka. Hata kuku wa malipo yake hakumtaka.

Felisita akakipasua kinanda kwa shoka, akakichoma pamoja na mabua ya pamba mpaka kikawa majivu, akarudi ndani amechoka akishukuru ukimya, akaketi kitandani, ndipo akaona kifua cha mumewe kinapanda na kushuka kama mifuko ya upepo ya kinanda, kinapanda na kushuka kwa mwendo anaoufahamu, na ubeti wa nne ukaanza kutoka humo, taratibu, akamziba mdomo kwa kiganja, lakini sauti haikuwa ya mdomoni.

"Felisita," Sylvester akanong'ona chini ya kiganja, "acha basi."

"Niache nini, baba?"

Felisita akatazama mkono wake mwingine juu ya blanketi. Vidole vilikuwa vinapiga, na havikukosea hata noti moja.