Vidonge vya Mgongo

Fundi cherehani alikuwa na mimba ya miezi saba. Alishinda ameinama kwenye cherehani, akishona sare za shule. Mgongo ulimuuma mpaka machozi yakamlenga.

Mama mkwe wake alikuwa na vidonge vyake vya maumivu ya magoti. "Meza hivi, mwanangu. Mtoto ana kondo la nyuma linalomkinga. Hakuna kitu kitakachomfikia."

Akameza. Maumivu yakatulia. Ikawa desturi yake kila siku.

Baadaye akaona mtoto hachezi kama zamani. Tumbo nalo halikui. Mumewe, dereva wa lori, akampeleka kliniki. Mimba yao ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hofu ile ilikuwa haijawatoka.

Mkunga akampima, kisha akampeleka kupigwa picha ya tumbo. Majibu yalipotoka, mkunga hakutabasamu.

"Maji yanayomzunguka mtoto yamepungua sana. Kuna dawa unatumia?"

Fundi akatoa vidonge mkobani.

"Ndivyo hivi," mkunga akasema. "Kondo la nyuma si ukuta, dada yangu. Linapitisha chakula na hewa kutoka kwenye damu yako kwenda kwa mtoto. Vitu vichache linavizuia. Lakini dawa nyingi hupita. Pombe hupita, na sumu ya sigara pia. Sasa, sehemu kubwa ya maji yale ni mkojo wa mtoto. Vidonge hivi vikimfikia, figo zake huzorota, na maji hupungua."

"Kumbe nimemuumiza mimi mwenyewe?"

"Hukujua. Acha leo hii."

"Basi nitupe na vile vya kuongeza damu mlivyonipa?"

"La! Hivyo endelea navyo. Dawa tuliyokupa usiiache bila kuuliza. Na ya mwenzio usiimeze bila kuuliza."

Mama mkwe aliposikia, alikaa chini, akajishika kichwa. "Mimi ndiye niliyempa." Hakuna aliyemlaumu.

Zikawa siku za kwenda kliniki na kurudi. Nyumbani watu waliongea kwa sauti ya chini, kama kuna msiba. Kushona kukapunguzwa. Mgongo ulipouma, mama mkwe aliukanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Taratibu, maji yanayomzunguka mtoto yakaanza kurudi.

Mtoto alizaliwa mdogo, mwembamba, lakini mzima. Bibi yake alisimama mbali, hathubutu kumgusa.

"Mshike, mama," fundi akasema. "Ni mjukuu wako."