Folda ya Majina Matupu

Yumna alikuwa ameinamia fungu la ndimu pale sokoni Marikiti, akizibonyeza moja moja, aliposikia mwanamume aliyesimama kando yake akisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyekuta mende ndani ya sukari, "Itoe. Usiionee huruma. Programu inayokwambia kompyuta yako ni chafu, hiyo ndiyo uchafu wenyewe."

Yumna akacheka kabla hajajizuia. Yule mwanamume akageuka. Alivaa shati jeupe la ofisini, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na kofia ya vito iliyodariziwa kwa subira. Mkokoteni wa mananasi ukapita kwa kasi, gurudumu likikanyaga maji meusi ya mfereji, na yule mwanamume akajisogeza mbele yake. Maji yakamrukia yeye kwenye suruali, na buibui la Yumna likabaki safi.

"Samahani," Yumna akasema. "Sikukucheka wewe."

"Ulizicheka ndimu?"

"Nimejicheka mwenyewe. Programu hiyo ninayo. Kila asubuhi hunambia mashine yangu ina makosa mia tisa. Nikibonyeza, husema imeyasafisha yote."

"Na kesho yake?"

"Mia tisa."

"Basi huyo si mfagiaji," akasema. "Huyo humwaga taka usiku ili aitwe na ufagio asubuhi."

Katana, muuza ndimu, akawauliza kama wananunua au wanafanya harusi, maana wateja wengine wanangoja. Wakalipa, kila mtu zake, lakini wakaondoka wakiongozana mpaka barabarani. Akasema jina lake ni Ubaid, anakaa Ganjoni, na kazi yake ni katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Si fundi wa kompyuta. Ni mtumiaji tu aliyechoka. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliiona kichekesho: kila akishatumia kijiprogramu, hurudi pale mtandaoni alipokipakua akaandika maoni yake, kwa Kiswahili, katikati ya lugha za watu asiowajua.

"Nani atayasoma?" Yumna akamuuliza.

"Mtu mmoja akiyasoma akajinusuru, yatosha. Mimi mwenyewe sipakui kitu mpaka nisome maoni. Naanzia chini, kwa waliochukia. Waliopenda hawasemi kweli."

Yumna akampa kadi ya duka lake la Bondeni. Akajiambia amempa kwa ajili ya biashara.

Duka lenyewe lilikuwa dogo. Mbele alikaa Rispah, binti wa kutoka bara mwenye mikono myepesi, akitoa nakala na kupiga watu picha za vitambulisho. Nyuma, kwenye kompyuta kubwa, ndipo ilipokuwa kazi ya Yumna. Yeye alipiga picha za kupamba, ile jioni ya wanawake peke yao ambapo bibi harusi hukalishwa jukwaani, nywele wazi, asumini kichwani, hina mpaka kwenye viwiko. Simu za wageni hukusanywa mlangoni. Picha zile mwanamume hazioni, isipokuwa mume wa aliyepigwa. Wako wapigaji picha wengi kisiwani wenye kamera nzuri kumshinda. Watu walimwita Yumna kwa sababu moja tu, kwamba kwake hakijavuja kitu.

Ubaid alipiga simu usiku ule ule. Akauliza kama ameitoa ile programu. Siku ya pili akauliza kama haijarudi, maana zina tabia ya kurudi. Siku ya tatu hakuwa na la kuuliza, wakazungumza zaidi kuliko siku zote. Wengine huchumbiana kwa kusifiana macho. Hawa wawili walichumbiana kwa kinyaa. Yumna akamweleza kijiprogramu cha hali ya hewa kilichoingia kwake kikamletea matangazo ya dawa ya kupunguza tumbo. Ubaid akamweleza cha kufungulia mafaili yaliyobanwa, ambacho kila siku humkumbusha kwamba siku za bure zimekwisha, na miaka inapita. Wote wawili walichukia zaidi zile ambazo ukizitoa hukuuliza, "Una hakika wataka kutuacha?"

"Kama mke mwenza," Yumna akasema.

"Wajuaje wewe mambo ya uke wenza?"

"Sijui, na sitaki kujua. Kaa ukijua hilo mapema."

Ubaid akacheka, kisha akasema kwamba mamake ameshaanza kuuliza huyo azungumzaye naye kila usiku ni mtoto wa nani. Yumna akalala na simu chini ya mto.

Mashine ya Yumna ikazidi kuwa nzito mpaka ikawa haifunguki. Ubaid akaja dukani baada ya Alasiri, akamsalimu Rispah kwanza, akakataa kukaa mpaka Rispah naye avute kiti. Akaanza kuvitoa vijiprogramu kimoja kimoja, uso umekunjamana, kama mtu anayemtoa mbwa kupe. Katikati ya kazi Bi Mwanabaraka, mmoja wa wateja wake, akampigia Yumna aende kwake Mji wa Kale akaone pale watakapompamba bintiye Fadhiya. Yumna akaenda. Aliporudi, Ubaid alikuwa ameshaondoka, na mashine yaenda kama imezaliwa upya.

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Folda zote za kupamba, ambazo zamani zilionyesha vipicha vidogo vya kila picha, sasa zilionyesha majina matupu. Akadhani kuna kilichoharibika. Akawa afungua picha moja moja kutafuta anayoitaka, akisonya, na kila siku akisema atamuuliza, na kila siku mazungumzo yakienda kwingine.

Kupamba kwa Fadhiya kukapita salama. Yumna alipoandaa albamu, akahitaji kuunganisha kurasa nyingi ziwe faili moja. Akatafuta mtandaoni kijiprogramu cha kuunganisha, akakipakua. Kikamuuliza hili na lile. Alikuwa na haraka. Akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Siku ya Bi Mwanabaraka kuja kuchukua albamu, duka lilijaa. Wanaume wawili walikuwa wakingoja picha za vitambulisho. Yumna alikuwa akifunga albamu kwa karatasi ya dhahabu, kompyuta imekaa bila ya kuguswa, kioo kimeelekea mbele. Hapo skrini ikabadilika yenyewe. Fadhiya akaenea kioo kizima, nywele wazi, mabega wazi, akicheka kicheko cha mtu anayejua kwamba yuko kwa wenziwe.

Rispah ndiye aliyewahi. Alivua leso yake mabegani akaifunika skrini. Mmoja wa wale wanaume, mzee wa makamo, alikuwa ameshageuka akaitazama barabara, akamvuta na mwenziwe mkono. Lakini Bi Mwanabaraka alikuwa ameshaona, na ameshaona kwamba wengine waliona.

"Nani ameigusa mashine hii?" akauliza. Hakupaza sauti.

Yumna akaiweka albamu mezani. Jibu lilikuwa karibu, akalichukua lililokuwa karibu. "Ubaid," akasema mbele ya wote. "Ubaid wa Ganjoni. Nilimwachia aitengeneze. Sijui alifungua nini."

Akampigia simu pale pale.

"Ulizifungua picha za watu?"

"Wauliza, Yumna, au umeshahukumu?"

"Ziko kwenye skrini, Ubaid. Mtoto wa watu yuko kwenye skrini."

"Basi umeshahukumu," akasema, na simu ikakatika.

Kufika Isha, maneno yalikuwa yameshavuka kutoka Bondeni mpaka Ganjoni, na kila aliyeyachukua aliyatia chumvi. Wakasema alizichungulia. Wakasema ana nakala. Mamake Ubaid alikuwa matangani kwa jirani alipoambiwa na mwanamke aliyejifanya kumsikitikia. Yumna alipiga simu mara nyingi baadaye. Haikupokelewa.

Watu walimhurumia Yumna. Wakamletea kaimati, wakamwambia wanaume wa siku hizi ndivyo walivyo. Zile kaimati akampa Rispah. Mashine aliifunika kwa leso ya Rispah, akawa hataki hata kuikaribia, kama chombo kilicholambwa na panya.

Lakini kazi haingoji kinyaa. Akaiwasha. Ile picha ilikuwa imeondoka, imekaa nyingine, bibi harusi wa mwaka jana. Akafungua orodha ya programu, akitafuta ni ipi ifanyayo ufedhuli huu. Akaiona: kijiprogramu cha kubadilisha picha za skrini, huokota picha zozote zilizo ndani ya mashine na kuzipandisha kwa zamu. Kando yake palikuwa na tarehe ya kuingia. Ilikuwa ni siku ile ile ya kile kijiprogramu cha kuunganisha kurasa. Viliingia pamoja, kimoja kimejificha nyuma ya kingine. Na Ubaid siku ile alikuwa hajakanyaga hapo kwa majuma.

Yumna akakaa akiitazama mikono yake.

"Rispah," akaita. "Siku ile Ubaid alipotengeneza, alifanya nini na picha?"

"Si nilikwambia?" Rispah akasema. "Jioni ya picha ile nilianza kukwambia, ukanikata, ukasema nisimtetee mwanamume. Kitu cha kwanza aliuliza picha za akina mama ziko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuza uso, akaniambia mimi nishike kipanya, akanielekeza kwa maneno mahali pa kubonyeza mpaka vile vipicha vikazimika. Akasema zibaki majina tu, asije akamwona mtu. Ndipo akageuka kufanya kazi."

Kwa majuma Yumna alikuwa akiisonya heshima ile, akidhani ni uharibifu.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililokuja kichwani mwake kwanza, na likamchukiza kuliko yote. Akinyamaza, duka lingebaki. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe, na mwenyewe hasemi. Akisema, atakuwa yeye ndiye aliyemfungulia mlango mwizi, yeye ambaye watu walimwamini kwa hilo moja tu. Akaona jinsi kunyamaza kulivyokuwa kama vile vijiprogramu: kwa nje vyatengeneza, na kwa ndani vyala.

Akavaa buibui lake, akaenda Mji wa Kale.

Bi Mwanabaraka alimpokea kwa kahawa na halua, kama ilivyo ada, ingawa uso wake ulikuwa mzito. Yumna hakugusa kikombe. Akamweleza yote, tangu kubonyeza ndiyo bila ya kusoma mpaka folda ya majina matupu.

"Ni mkono wangu, Bi," akasema. "Ubaid hana kosa. Alijificha asimwone mwanao."

Yule mama akazungusha bangili. "Harusi ya mdogo wake Fadhiya nimeshaitafutia mtu mwengine," akasema. "Hilo halirudi, Yumna. Sitakudanganya."

"Najua."

"Na wengine watanifuata mimi."

"Najua, Bi."

"Lakini nami nimesengenya, nimekula nyama ya mtoto wa watu, tena kwa vikombe na visahani." Akainuka, akachukua buibui lake msumarini. "Mamake namwendea leo hii, kwa miguu yangu. Nikitoka huko nitapita kwa hao nilioketi nao. Wewe kunywa kahawa yako, mwanangu, usiiache ipoe."

Ndipo Yumna alipolia.

Nyumbani aliitafuta ile programu mtandaoni, pale watu wanapoachia maoni. Akaandika kwa Kiswahili, polepole: "Programu hii huingia kwa mlango wa nyuma, imebebwa na nyingine. Mimi niliifungulia mwenyewe kwa kubonyeza ndiyo bila ya kusoma. Ikatoa hadharani picha ya mtoto wa watu, nami nikamsingizia mtu aliyezima vipicha ili asione. Programu naipa nyota moja. Mimi mwenyewe siipati hata hiyo. Yumna, Bondeni."

Siku zikapita. Wateja wakapungua kama alivyojua watapungua. Akarudi kwenye picha za vitambulisho, akikaa mbele na Rispah. Asubuhi moja, akimrekebisha mtu kola, simu ikalia.

"Salaam alaykum," sauti ikasema.

"Alaykum salaam." Akamwashiria Rispah amshikie kamera, akatoka kibarazani.

"Nimeona maoni yako."

"Wasoma bado?"

"Naanzia chini, kwa waliochukia." Kisha akaongeza, "Kuna mahali umekosea."

"Wapi?"

"Programu ile hukupaswa kuipa hata hiyo nyota moja."

Yumna akaketi ukingoni mwa kibaraza.

"Iliniuma, Yumna. Si watu, watu husema. Iliniuma wewe."

"Najua, Ubaid. Nisamehe. Sina neno la kuongeza juu yake."

"Bi Mwanabaraka alikuja kwetu. Mamangu asema hajawahi kuona mtu akitembea mbali hivyo kujirudi. Kisha akaniuliza, huyo msichana aliyejitia hasara ili anisafishe jina, nangoja nini." Akakohoa. "Auliza kama wazee wako watakuwa nyumbani Ijumaa."

"Watakuwepo," Yumna akasema. "Na mimi nitakuwepo, kama wataka kujua."

Jioni ya kupambwa kwake simu zilikusanywa mlangoni kama kawaida. Rispah ndiye aliyeshika kamera, picha nyingine zikatoka zimeinama kidogo. Bi Mwanabaraka ndiye aliyemtia asumini kichwani, na kabla hajaondoka akamwambia sikioni kwamba ana mpwa wake wa kupambwa mwezi ujao, kama nafasi ipo.

Baada ya harusi, katika nyumba yao ya Ganjoni, Ubaid alikuwa kwenye kompyuta akitafuta faili ya kazini alipoifikia folda ya picha za kupambwa, yenye jina la Yumna. Ndani, majina matupu. Kwa mazoea akageuza uso, akamsogezea mkewe kipanya.

Yumna akaketi ubavuni mwake, bado ana harufu ya udi. Akabonyeza pale ambapo Rispah alielekezwa kubonyeza, na vipicha vikafunguka vyote kwa mara moja.

"Hizi si za watu," akasema. "Geuka utazame."

Ubaid hakugeuka mara moja. "Una hakika?" akauliza, na midomo ikimcheza.

"Ndiyo," Yumna akasema, na safari hii alikuwa amesoma kila neno.