Kadi za Swisapuu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jebet alimpa mbwa maji. Aliyachota kwenye pipa nyuma ya nyumba waliyopanga katika mtaa wa Free Area, akajaza bakuli la bati, kisha akamsugua Posta shingoni hadi mkia ukaanza kugonga ukuta. Posta alikuwa mbwa jike wa rangi ya majivu. Mama yake Jebet alimwokota karibu na posta ya Nakuru akiwa mdogo, na jina likamkaa.

Mwezi wa Aprili mwaka 2007 Posta alizaa watoto wanne. Hakuna aliyemjua baba yao. Walitoka na manyoya meupe yaliyojisokota, na watoto wa ploti nzima walikuwa wakija kuwatazama.

Aliyewatazama zaidi ni mjomba Kimaiyo, ndugu ya mama, aliyekuwa akiishi nao. Biashara yake ya mitumba ilikuwa imelala, na sasa aliuza mbwa kando ya barabara ya Nairobi.

"Mbwa wa kawaida hanunuliwi siku hizi," alimwambia Jebet Jumamosi moja. "Wenye magari wanataka mbwa wa kuchanganywa, na huo mchanganyiko lazima uwe na jina. Nimeyaona kwenye mtandao: Labradudo, Kokapuu, Maltipuu. Jina likiishia na puu, watu wanajua ndani kuna pudo, yule mbwa wa Ulaya mwenye nywele kama hizi. Wewe una akili ya shule. Nitafutie jina."

Jebet, msichana wa miaka kumi na miwili, alifikiri kidogo. Walikuwa wamesoma juu ya milima ya Uswisi.

"Swisapuu," akasema.

Kimaiyo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa mfukoni kadi nne za chanjo ambazo hazijaandikwa kitu.

"Sasa andika tarehe hapa. Hapa andika chanjo ya kichaa cha mbwa. Huku chini weka sahihi ya daktari, daktari yeyote. Mwandiko wangu unajua ulivyo, lakini wako ni kama wa kitabu."

"Lakini hawajachanjwa, mjomba."

"Watachanjwa na wenyewe. Mtu mwenye gari hawezi kukosa daktari wa mbwa."

Jebet alisita. Wiki iliyotangulia, Jebet akiwa peke yake uani, mbwa asiyejulikana alipenya kwenye ua, mate yakimtiririka na miguu ikiyumba. Posta alipigana naye na kumfukuza, lakini mbwa huyo alikuwa tayari amemng'ata mmoja wa watoto wa Posta sikioni. Jebet alimwambia mjomba siku hiyohiyo, naye akajibu kwamba kidonda ni kidogo, manyoya yatakifunika.

Aliandika. Aliandika polepole na kwa uzuri, kadi zote nne, na chini akatia sahihi ya daktari ambaye hakuwepo. Kimaiyo aliziinua moja moja kwenye mwanga akizisifu. Jebet alifurahi kusifiwa.

Jumatatu baada ya watoto wa Posta kuuzwa, Hemali aliingia darasani akiwa na habari. Hemali na Jebet waliketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Baba yake Hemali, Shantilal, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mama yake Jebet alikuwa mpishi wa shule hiyo, na ndiyo sababu Jebet aliweza kusoma hapo.

"Tumenunua mbwa," Hemali alisema. "Si mbwa tu. Ni Swisapuu. Tumemwita Biskuti. Ana alama kidogo sikioni, lakini ni mzuri ajabu."

Wanafunzi walimzunguka wakitaka kusikia. Jebet alijua kwamba neno hilo halikuwa popote duniani ila kichwani mwake. Angeweza kumvuta rafiki yake kando na kumwambia kila kitu. Badala yake aliuliza mbwa anakula nini.

Wiki sita zilipita. Asubuhi moja ya Julai, Hemali alikuja na habari nyingine.

"Biskuti amebadilika," alisema. "Anajificha chini ya kochi na hataki hata maji. Jana alimng'ata Vipul mkononi."

Vipul alikuwa ndugu yake mdogo.

"Mlimpeleka hospitali?" Jebet aliuliza.

"Hapana. Papa alimfunga kitambaa tu. Alisema angekuwa mbwa mwingine tungeenda mbio, lakini huyu ana kadi. Amechanjwa kichaa."

Mwalimu Achola alikuwa amewafundisha kwamba ugonjwa huo ukishaanza ndani ya mtu, hospitali haina dawa ya kumponya. Dawa ni sindano za kuuzuia, na lazima zianze mapema.

Hakungoja mapumziko. Aliomba ruhusa ya kutoka, akakimbia hadi jikoni. Mama yake alikuwa akikoroga sufuria kubwa ya githeri. Jebet alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni: kadi, sahihi, mbwa mwenye mate, mkono wa Vipul. Mama aliacha kukoroga.

"Kadi uliandika wewe?"

"Mimi, mama."

"Na mbwa huyo mwingine ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

Mama alivua aproni.

"Watakufukuza kazi," Jebet alisema, na sasa alikuwa akilia.

"Huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Mitano."

"Basi twende."

Walimkuta Shantilal nyuma ya kaunta akimpimia fundi nyaya. Alimsalimia mama kwa heshima, akidhani wameleta ujumbe wa shule. Mama alimsukuma Jebet mbele.

"Baba Hemali," Jebet alisema, "Biskuti hajachanjwa. Kadi niliandika mimi. Na aling'atwa na mbwa mgonjwa kabla mjomba hajamuuza."

Shantilal aliweka nyaya chini. Hakupaza sauti, na Jebet alitamani angepaza.

"Umekula chakula nyumbani kwangu," alisema. "Vipul anakuita dada."

Alichukua simu akamwambia mkewe aoshe jeraha la mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka, asiache kuosha kwa dakika kumi na tano. Kisha akatoka na funguo za gari.

Vipul alichomwa sindano ya kwanza siku hiyo, na nyingine zikafuata kwa majuma kadhaa. Familia nzima ya Shantilal ilichomwa, pamoja na Jebet na mama yake, kwa kuwa waliishi na Posta. Biskuti alikufa siku ya pili, na vipimo vya maabara vikaonyesha ni kichaa cha mbwa. Vipul hakuugua.

Mambo mengine hayakwenda vizuri hivyo. Kimaiyo alikamatwa na kushtakiwa. Hemali aliomba abadilishiwe dawati, na hakumsemesha Jebet tena hadi mwaka ukaisha. Mama hakufukuzwa kazi, lakini aliitwa ofisini, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Nyakio, daktari wa mifugo, alifika Free Area kwa ajili ya Posta. Alieleza kwamba mbwa aliyepigana na mgonjwa, naye hana chanjo, hawezi kuachwa karibu na watoto, na ni lazima auawe kwa sindano. Jebet alimshika Posta kichwa mpaka sindano ilipomaliza kazi yake. Mkia uligonga sakafu mara mbili, kisha ukatulia.

Baadaye daktari aliketi naye kwenye ngazi.

"Tumewapata wengine wawili wa Posta," alisema. "Mmoja yuko shambani Molo, mwingine yuko hapa mjini. Wametengwa na tunawaangalia. Wa nne alinunuliwa na dereva wa lori aliyekuwa akipita. Tumetangaza redioni, hakuna aliyejitokeza."

"Ni kwa sababu ya lile jina," Jebet alisema. "Ningekataa kutunga jina, hawangenunuliwa."

"Jina si kitu. Posta pia alikuwa mchanganyiko, na hakuwa na kosa lolote. Mtu akitaka kulipia jina, hiyo ni hiari yake. Lakini ulipoandika tarehe za uongo, uliwaondolea watu hofu waliyoihitaji. Baba yake Vipul angekwenda hospitali mbio. Kadi yako ilimwambia akae."

Jebet aliinamisha kichwa. "Mama anasema nimemwokoa Vipul."

"Umemwokoa, na kusema ukweli mbele ya yule baba si jambo rahisi. Pia wewe ni mmoja wa waliomtia hatarini. Yote mawili ni yako. Usibebe moja ukaacha jingine."

"Na yule wa nne? Atakuwa amepona?"

"Sijui," Nyakio alisema akiinuka. "Na wewe huenda usijue kamwe. Huko aliko kuna mtu ana kadi uliyoiandika, na anaiamini. Uongo ukishatoka mkononi mwako, huwezi kuchagua utafika kwa nani. Ndiyo maana hauandikwi hata mara moja, hata ukiombwa na mtu mzima wa nyumbani kwenu."

Alimshika bega, akachukua mkoba wake, akatoka nje ya geti.