Koti Ambalo Halikuwemo Kwenye Filamu

Kila asubuhi Arlette aliteka bidoni mbili za maji kwenye bomba la mtaa wao mjini Baraka, akafagia uwanja, kisha akamsaidia mama yake kuanika ndagala, dagaa wa huko, kwenye nyavu kuukuu karibu na ziwa. Halafu alivaa sare akaenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kazi zake zote alizifanya sawasawa. Ila alizifanya kama mtu mwenye mikono ya kuazima. Juzi sufuria ya bugali ilimuunguza kidole, naye akakitazama tu mpaka mama alipopiga kelele.

Ilikuwa hivyo tangu mwezi wa tatu, boti ya kwenda Kazimia ilipopinduka. Kaka yake, Bienfait, alikuwemo. Hakupatikana. Nyumbani hakuna aliyetamka neno "kufa". Mama alisema, "Yaya yako alisafiri," yaani kaka yako mkubwa. Majirani walikatiza mazungumzo yao Arlette alipopita. Yeye hakulia hata siku moja. Hakujizuia, machozi hayakuwepo tu.

Mahali pamoja alipapenda: sine ya Papa Déogratias, nyumba ya mabati yenye mabenchi na televisheni moja. Kila Jumamosi saa nane mchana filamu za nchi za mbali zilionyeshwa humo. Kwa kuwa hakuna aliyejua lugha zake, kijana mmoja aitwaye Vainqueur alishika kipaza sauti na kuzieleza kwa Kiswahili, akitia utani kila mahali. Humo ndani hakuna aliyemwambia Arlette pole. Hakuna aliyemtazama. Ndivyo alivyodhani.

Basi wazee wa kanisa wakataka kuwakataza watoto wasiende sine. Maman Florentine, mwalimu wa shule ya Jumapili, alibishana nao mpaka wakafikia makubaliano.

"Sikieni, batoto," aliwaambia wanafunzi wake. "Bazee banasema kule kwa sine kuko mapigano na matusi tu. Mi nikabaambia kwamba Kristo hafungiwi ndani ya ukuta wa kanisa. Sasa, Jumapili ijayo muniletee wema muliouona kule. Wema ule Yesu mwenyewe angeufanya. Mukikosa hata mumoja, hamutarudi tena kwa sine."

Darasa likaguna. Arlette alihisi kitu kidogo kikisogea kifuani, mara ya kwanza baada ya miezi. Kilikuwa hofu.

Jumamosi aliketi benchi la mbele na rafiki yake Kezimana, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi. Filamu ilikuwa ya ndugu wawili waliovuka maji makubwa. Dhoruba ikaja. Ndugu mkubwa akaanguka, wimbi likamfunika.

Vainqueur, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akanyamaza. Kipaza sauti kilisikika kikipumua. Kisha akasema haraka haraka, "Bavuvi bamemuona! Hamubaoni kwa picha, bako huko nyuma. Banamuvuta! Mumoja anavua koti yake, anamuambia: Ndugu yangu, vaa, upate joto."

Picha iliyofuata ilionyesha watu waliovaa nguo nyeupe, wakilia mbele ya sanduku refu lenye maua.

"Yaya Vainqueur!" Willy alipaza sauti kutoka nyuma. "Bale batu banalia!"

"Ndio furaha ya kwabo ile. Kwani we ulishafika kwabo?"

"Na lile sanduku?"

"Iko keki ndani. Nyamaza!"

Watu walicheka, wakamzomea Vainqueur, wakapiga mabenchi kwa viganja. Arlette hakucheka. Alilibeba lile koti mpaka nyumbani, kwa uangalifu, kama mtu abebaye kaa la moto kwenye kigae.

Jumapili, Lionel alianza. Alieleza habari za shujaa aliyewapiga watu kumi ili kumwokoa mbuzi wa mama yake.

"Batu kumi kwa mbuzi mumoja?" Maman Florentine aliuliza. "Hapana, mutoto wangu. Keti."

Mwingine alileta tajiri aliyegawa zawadi, lakini ikajulikana kwamba zilikuwa za wizi. Mifano ikaanguka mmoja mmoja. Ndipo Arlette akasimama na kueleza habari za mvuvi na koti lake.

Maman Florentine aliitikia kwa kichwa. "Muvuvi ule hamujui hata jina, lakini anamupa nguo yake mwenyewe na kumuita ndugu. Huo ndio wema."

"Ni bongo, Maman!" Willy aliruka. "Uongo mutupu! Binamu yangu wa kule Fizi iko na filamu ile kwa simu. Hakuna bavuvi. Ule kijana alikufa, na bale balikuwa banamuzika."

Arlette alibaki amesimama. "Basi koti halikuwepo," alisema polepole, bila hasira, kama anayesoma ubaoni.

Vainqueur alikuwa nje akikaza ngoma ya kwaya. Maman Florentine alimwita ndani.

"Ule kijana wa filamu alikufa ao hakufa?"

Vainqueur alitazama sakafu. "Alikufa, Maman."

"Na bavuvi?"

"Ni ya kwangu. Nilitunga."

"Kwa nini?"

"Niliangalia benchi la mbele, nikamuona Arlette. Mi nilisoma na Bienfait tangu darasa la kwanza. Ulimi ulikataa, Maman. Nilijua batanizomea. Nikasema heri banizomee mimi." Alipiga magoti mbele ya msichana, macho yao yakawa usawa mmoja. "Arlette, unisamehe. Ndugu wa ile filamu alikufa maji. Na Bienfait, yaya yako, na yeye alikufa maji. Ninamulilia mpaka leo."

Miezi yote ile hakuna aliyemwambia neno hilo. Chozi moja likamshuka Arlette, naye akaligusa kwa kidole kilichoungua, akashangaa kwamba chumvi yake inachoma. Kisha yakaja mengine. Kezimana alisogea, akamkumbatia, naye akalia.

"Sasa, sine imefungwa?" Lionel alinong'ona.

"Haikufungwa," Maman Florentine alisema, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tuliutafuta wema kwa televisheni, kumbe ulikuwa umeshika kipaza sauti. Vainqueur alimuona mwenzake kwa benchi, akakubali kuzomewa kwa ajili yake. Mfano umepatikana. Lakini Vainqueur, bongo yako ilifunika kidonda bila kukiosha. Na sisi bakubwa tulifanya vilevile na neno letu la safari. Yesu alisema wazi kwamba Lazaro amekufa, kisha akaenda kulia pamoja na dada za marehemu. Shikeni hii, batoto: wema wa Kristo unamuona mutu, unamuambia kweli, halafu haumuachi peke yake."

Mchana ule Arlette alimwambia mama yake neno lilelile: "Mama, Bienfait alikufa." Mama aliweka chini ungo. Walilia pamoja, wameketi mchangani, na kunguru wakala ndagala walivyotaka bila kufukuzwa.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya filamu kuanza, Vainqueur alishika kipaza sauti. Safari hii hakutania.

"Batoto, ya leo iko na kifo katikati. Mwenye hataki kuona, atoke sasa. Nitamungoja."

Akangoja kweli, huku Willy akilalamika kwamba anachelewesha. Macho ya Vainqueur yalikuwa kwenye benchi la mbele.

Arlette alisogea karibu na Kezimana, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto, alilihisi.

"Anza, yaya," alisema.