Kiingereza Kifupi cha Adelina

Kila siku Adelina alipotoka shule alivua buti zenye theluji, akala kilichokuwepo, kisha akaanza kazi yake ya pili: kuwa ulimi wa bibi yake. Bibi Genoveva alikuja Toronto kutoka Bukoba, na Kiingereza chake kiliishia kwenye kusalimia na kushukuru. Kwa hiyo duka la dawa alikwenda na Adelina, kwa daktari wa magoti alikwenda na Adelina, na hata simu ya mtu aliyekosea namba alipewa Adelina. Msichana wa miaka kumi na mitatu, lakini alikuwa amechoka kama mzee anayengoja pensheni.

Msimu huo wa baridi lilizuka jambo jingine la kuchosha. Nyuma ya ghorofa lao, hapo mtaa wa Parkdale, palikuwa na lango dogo la manispaa lililotokeza kwenye njia ya kwenda kliniki. Siku moja wakalikuta limefungwa kwa mnyororo. Hakukuwa na tangazo wala maelezo. Kila ofisi waliyoipigia simu iliwaelekeza kwa nyingine. Bibi akawa anazunguka mtaa mzima juu ya barafu, mpaka akateleza na kuanguka. Tangu hapo aliacha kwenda kliniki, na magoti yakazidi kuvimba.

Diwani wa eneo alipoitisha mkutano wa wakazi, bibi alisimama mlangoni tayari amevaa skafu.

"Adelina, koti."

"Leo, bibi? Nimechoka. Hata nywele zangu zimechoka."

"Nywele ziache. Mimi nataka ulimi."

Ukumbini diwani alizungumza kwa furaha juu ya maua yatakayopandwa majira ya kuchipua. Bibi akanyoosha mkono, akainuka taratibu.

"Mheshimiwa, lango letu limefungwa. Nani aliamua? Aliamua lini, na kwa sababu gani? Mbona sisi tunaolitumia hatukuulizwa wala kuambiwa? Nimeanguka kwa sababu ya uamuzi usio na mwenyewe. Sisi si mbuzi, tufungiwe zizini tukae tunatafuna!"

Adelina akatupa macho mbele. Safu ya mbele aliketi Rogers wa darasani kwao, amegeuka, meno yote nje. Mbuzi! Adelina akilitamka hilo hapa, ataitwa Mbuzi mpaka amalize shule.

"Bibi yangu anashukuru kwa kazi nzuri," alisema kwa Kiingereza. "Anauliza kama lango litafunguliwa siku moja."

"Tutaliangalia," diwani akajibu akitabasamu, akaendelea na maua yake.

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Maneno yangu yote yale, mbona yamekuwa mafupi hivyo?"

"Kiingereza ni lugha fupi, bibi."

"Na huyo diwani anachekea nini? Kuanguka kwangu?"

Nyuma yao mtu akakohoa. Alikuwa Bi Zeenat, mama wa Kihindi wa ghorofa ya juu. Mara nyingi walipanda naye lifti huku wakijadili kwa Kiswahili jinsi manukato yake yanavyokaba koo.

"Binti," Bi Zeenat alisema kwa Kiswahili safi, "mimi mzaliwa wa Mwanza. Bibi yako hakumshukuru mtu hapa."

Adelina alitamani sakafu immeze.

"Na ya manukato niliyasikia. Hayo tutayazungumza siku nyingine. Sasa, utasema wewe au niseme mimi?"

Bibi hakufoka. Alianza tu kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Twende nyumbani. Kama mjukuu wangu mwenyewe ananificha, nitamdai nini diwani?"

Maneno hayo yaliuma kuliko kelele. Adelina akasimama.

"Samahani. Nilitafsiri uongo. Bibi yangu hakushukuru." Akayasema yote kwa Kiingereza: nani, lini, kwa nini, barafu, na mbuzi pia. Rogers akaangua kicheko. Lakini mzee mmoja akapaza sauti, "Hata mimi nauliza hivyo hivyo!" Na mama mwenye mtoto mgongoni akadakia, "Tunataka jibu, siyo maua!"

Tabasamu la diwani likapotea. Akanong'ona na msaidizi wake, kisha akakiri: ofisi yake ndiyo iliyofunga lango, baada ya wenye nyumba wachache kulalamikia kelele za wapitao hapo. Wakazi wa ghorofa hawakuulizwa. "Tulikosea," alisema. Watu hawakuondoka mpaka akaahidi kulifungua na kujadili suala hilo upya mbele ya wote.

Wiki hiyo mnyororo ulitolewa, na penye lifti pakabandikwa tangazo la tarehe ya mkutano mwingine. Bibi alipita langoni akiwa amemshika Bi Zeenat mkono, Adelina akifuata.

"Adelina," bibi alisema, "diwani alificha sababu zake akidhani tutanyamaza. Wewe ulificha maneno yangu kwa uchovu na aibu. Mimi niliyebaki gizani niliona tofauti gani? Mtu akikukabidhi sauti yake, ifikishe yote. Ukichoka, niambie umechoka. Usinidanganye."

Adelina akaharakisha hatua, akawa sambamba nao.

"Bibi, leo nimechoka."

"Najua," bibi akajibu. "Kwa daktari leo atatafsiri Zeenat."